Harufu ya pakanga isikudanganye

Kufikicha jani la pakanga, kulinusa na kusema "hii ni kali, ina dawa" ni kipimo kibovu. Harufu ile inatokana na mafuta yanayoruka, kafuri ikiwemo. Artemisinini, dawa ya malaria inayotafutwa kwenye pakanga (Artemisia annua), hainuki.

Hutengenezwa kwenye vijitezi vilivyo juu ya jani, kila kimoja kina seli 10. Jeni ya ADS huanza kazi, CYP71AV1 hupokea, kisha inafikiwa njia panda. Pale jeni ya DBR2 inapofanya kazi kwa nguvu, malighafi huelekea kwenye asidi ya dihidroartemisiniki, ambayo mwanga na oksijeni huimalizia kuwa artemisinini bila kimeng'enya chochote. DBR2 ikizubaa, mmea unajaza tezi zake asidi ya artemisiniki na arteanuini B, ambazo si dawa tunayoitaka. Tofauti iko kwenye kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni, kile kinachoiwasha. Kwa macho, mche wenye DBR2 yenye nguvu na ule wenye DBR2 iliyozubaa, yote ni pakanga tu.

Ndiyo maana napinga vikali kuhifadhi mbegu za chotara, kosa lile lile la mahindi. Pakanga haijichavushi yenyewe. Msimu unaofuata utavuna mchanganyiko, huku artemisinini asilimia 1 ya uzito mkavu wa majani, kule 0.1. Mbolea itakuongezea majani, lakini jeni dhaifu haitaigeuza kuwa imara. Shanghai, mwaka 2018, watafiti waliongeza nguvu ya jeni tatu kwa pamoja (HMGR, FPS na DBR2) wakafikia asilimia 3.2. Siri iko humo.

Huku kwetu karibu na ikweta kuna jambo jingine: mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na pakanga huchanua siku zikiwa fupi. Aina inayowahi kuchanua itatoa maua ikiwa bado fupi, majani kiduchu. Tafuta inayochelewa, ukate vitumba vinapoanza kuonekana, ukaushe kivulini hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 12. Ukizidi hapo, ukungu unaingia.

Na chai yake? Kikombe kimoja na kingine havilingani, hivyo dozi haijulikani. Shirika la Afya Duniani (WHO) haliiungi mkono, nami naona liko sahihi.

Kabla ya kununua mbegu, dai majibu ya maabara ya majani makavu yaliyochanganywa kutoka miche mingi ya aina hiyo. Majibu ya mche mmoja uliochaguliwa yakikataliwa, muuzaji asinune.