Ukishafika, Halafu Iweje?

Mtu anasota miaka na miaka kutafuta shahada. Siku ya mahafali simu inajaa pongezi, picha zinarushwa kila mahali, na kabla wiki haijaisha ameshaanza kuulizwa: "Sasa kazi?" Akipata kazi, cheo. Akipata cheo, nyumba. Wala siisemi vibaya shahada, wala nyumba. Ila vitu hivi tumevitwika mzigo visivyoweza kuubeba: tunataka vituthibitishie kwamba na sisi ni watu.

Mhubiri, yule wa kitabu cha Biblia chenye jina hilo, aliliona hili zamani. Ukisoma sura ya pili utakuta anayezungumza wala hakushindwa na maisha. Alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akatengeneza birika za kunyweshea miti, akakusanya fedha na dhahabu, akajipatia waimbaji. Tena anakiri kwamba moyo wake uliifurahia kazi yake yote. Hapo ndipo ninapomwamini, maana haikani furaha aliyoipata. Lakini alipogeuka kuyatazama yote aliyoyafanya, akaona ni "ubatili, na kujilisha upepo."

Augustino naye, mwandishi mashuhuri wa Kanisa la kale, mzaliwa wa Tagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria, alipanda ngazi hadi kuwa mwalimu wa ufasaha mjini Milan mnamo mwaka 384. Anasimulia mwenyewe kwamba wakati anajiandaa kutoa hotuba ya kumsifu mfalme, hotuba aliyojua imejaa uongo, alipita mtaani akamwona ombaomba amelewa, anacheka na kutania. Yule kwa visenti vya kuombaomba alikuwa amechangamka. Yeye msomi, tumbo joto. Augustino hakuisifu furaha ya pombe. Kilichomuuma ni kwamba mlevi yule angelala na kuamka pombe imemtoka, ila yeye alilala na kuamka na kiu ileile ya sifa. Mwaka 386 aliacha kazi ile, na Pasaka ya 387 akabatizwa. Asidhani mtu kwamba baada ya hapo alikaa bure: alikuwa askofu, akahubiri na kuandika mpaka uzeeni.

Kwangu mimi, jibu lote liko kwenye ubatizo wa Yesu. Katika Injili ya Mathayo, sauti kutoka mbinguni inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Angalia inasemwa lini. Hajaponya mgonjwa hata mmoja katika simulizi ile, hajahubiri, hana hata mwanafunzi. Kupendwa kumetangulia kazi. Na Injili inatuambia kwamba sisi tulio ndani ya Kristo tunapokelewa na Baba huyohuyo. Mtu aliyelishika hili anaweza kufanya kazi kwa bidii bila kuogopa kwamba akianguka atakuwa si kitu. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, amevuliwa kila heshima, akasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Amejifunza, kwa hiyo tusikate tamaa sisi ambao roho bado inatuchoma tukisikia mwenzetu amepandishwa cheo.

Ndiyo maana inaniuma ninavyoona makanisani kwetu Yesu akigeuzwa ngazi ya kufikia mafanikio yaleyale. Ukisikiliza shuhuda nyingi, ni gari, ni viza, ni kiwanja. Mungu hutoa hivyo pia, na kumshukuru ni haki. Lakini vijana wanaosikia hayo kila Jumapili wanaondoka wakijua kwamba Bwana akikupenda utafanikiwa, na asipofanikiwa mtu, je? Ataacha imani, au atajificha.

Natamani siku ya shuhuda asimame na mama aliyeomba miaka mingi, asipate alichoomba, na bado anampenda Bwana wake kwa moyo wote. Apewe kipaza sauti, asiharakishwe, aseme ni nini kimemshika muda wote huo.