Kosa moja haliachi mke. Na kampuni ya meli je?

Saa nane na dakika ishirini mchana mama yangu alikuwa bado amekaa kwenye ukumbi wa sitaha ya tano, mkoba mapajani, pasipoti zetu ndani ya bahasha ya plastiki, kanga ameikunja mara nne na kuilaza juu ya magoti. Tulifika hapo saa sita kasorobo. Tuliambiwa mtu wa kiti cha magurudumu anakuja sasa hivi. Abiria wengine walikuwa wameshashuka, wahudumu wameanza kupitisha mashine za kufyonza vumbi kwenye zulia, na kila lifti ilipofunguka mama aliinua uso.

Hakulalamika. Alinivuta tu mkono wa blauzi akaninong'oneza: "Mwanangu, haja imenibana tangu muda ule. Lakini nikiondoka wakija wasinikute, je?"

Mama ana miaka 71, na goti lake la kulia halimruhusu hatua thelathini bila kupumzika.

Hiyo ilikuwa Januari. Sasa ni Juni, kampuni ile ile ya meli za kitalii imetutumia vocha, na nyumbani kwetu hapa Houston tunabishana kama tupande tena. Mume wangu hataki hata kusikia. Kwake yeye aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mjadala umefungwa. Mama, ambaye ndiye aliyeumizwa, anasema kosa moja haliachi mke. Mimi nimekaa katikati yao miezi mitano. Nimeshaamua, na naandika kwa sababu najua Waswahili wengi wa huku wameanza kuwapeleka wazazi wao kwenye meli hizi, na maudhi ya namna hii yatawakuta.

Kuna mambo siwadai. Safari yetu ilikuwa ya siku saba kutoka Galveston, bandari ya hapa Texas: Montego Bay kule Jamaika, George Town, Cozumel kule Meksiko, kisha nyumbani. George Town hatukushuka. Mji huo, makao makuu ya visiwa vya Cayman, hauna gati la kufungia meli kubwa kama hizi; meli hukaa nje na abiria hupelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Uko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo siku nyingi upepo wa mashariki hauufikii na maji hutulia. Lakini majira ya baridi pepo za kaskazini magharibi huteremka kutoka Marekani, na zikifika, pale meli zinapotia nanga panabaki wazi kwa mawimbi. Nahodha alitangaza asubuhi kwamba boti haziwezi kushushwa. Mama alikuwa ameshavaa kandambili mpya alizonunua kwa ajili ya siku hiyo, maana nilimwahidi kwamba tutakanyaga maji pamoja. Akasogea dirishani, akaliangalia lile povu kwa muda, akasema, "Huo ni upepo, si mtu." Akavua kandambili. Yeye ni binti wa mvuvi wa Tanga. Amekua akimwona baba yake akikaa pwani siku tatu kaskazi ikiwa imekaza, na hakuna aliyemdai baba maelezo.

Ukungu nao siwadai. Tulichelewa kuingia Galveston kwa saa nne. Januari hewa ya joto kutoka Ghuba ya Meksiko huja kulala juu ya maji ya baridi ya pwani ya Texas, mlango wa bahari unaziba, na marubani wa bandari wanasimamisha vyombo. Njia hiyo hiyo hupitwa na meli za mafuta na za makontena zinazokwenda Houston, basi hata ukungu ukiinuka bado kuna foleni. Bei ya Januari ni nafuu kuliko ya Julai, na sehemu ya unafuu huo ni kwamba abiria amekubali kubahatisha upepo na ukungu, ajue asijue. Mimi sikujua. Sasa najua.

Lakini kuna jambo nililoliona mchana ule wa George Town ambalo bado linaniuma. Nilikwenda dawati la huduma kwa wageni kuuliza kuhusu ada ya bandari ambayo hatukuitumia. Foleni ilizunguka nguzo mbili. Nikadhani wote wanauliza ninachouliza mimi. Kumbe wengi walikuja kufuta bahashishi. Kwenye meli hizi kila abiria hukatwa bahashishi ya kila siku, kwetu ilizidi dola 16 kwa kichwa, na fedha hiyo hugawiwa wanaotandika vitanda, wanaohudumu mezani, na wengine wa chini kabisa ambao abiria hawaoni hata sura zao. Bwana mmoja mbele yangu alisema kwa sauti, ili tusikie: "Ondoeni yote. Sikupata nilicholipia." Binti wa dawatini akabonyeza vitufe, akamwambia asante.

Nilitoka kwenye ile foleni. Mume wangu hakunielewa, maana tulikuwa na dola zetu kadhaa za kudai (baadaye ziliingia zenyewe kwenye akaunti yetu). Nilitoka kwa sababu nilikuwa nikimfikiria msichana wa chai.

Siku ya pili ya safari mama alikuwa anaangalia kikombe chake kwenye bufee, ananiambia kwa Kiswahili kwamba chai ya watu hawa ni maji yaliyopita karibu na majani. Sauti ikatoka nyuma yetu: "Shikamoo nyanya. Nikuletee maji ya moto na tangawizi?" Mama akaweka kikombe chini. Msichana alikuwa ametoka Likoni, alipitia Bandari Maritime Academy pale Mombasa, na huo ulikuwa mwezi wake wa saba kati ya tisa bila kukanyaga nyumbani. Kuanzia siku ile mama alipata tangawizi yake kila asubuhi, imekwanguliwa vizuri, kwenye kisahani. Wakazungumza habari za kivuko cha Likoni na za bei ya samaki Tanga. Nadhani mama alikula chakula cha meli ile kwa sababu yake.

Sasa yule bwana alipofuta bahashishi yake, upepo wa kaskazini magharibi haukupungukiwa na kitu. Makao makuu ya kampuni nayo hayakupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni mtu wa tangawizi. Mwenye hasira ana haki ya hasira yake, lakini aipeleke kwenye mlango wake.

Na ni yeye, msichana huyo huyo, aliyetuokoa siku ya kushuka. Alikuwa anakatiza ukumbini na trei tupu, akatuona, akasimama. Hakuuliza maswali mengi. Alipotea dakika kumi, akarudi anasukuma kiti cha magurudumu, akampeleka mama msalani kwanza, akangoja nje, kisha akatufikisha hadi mlango wa ngazi ambapo hakuruhusiwa kupita. Haikuwa kazi yake. Mama alitaka kumpa ile kanga. Akakataa, akaipokea, akalia kidogo.

Nikaandika barua. Jibu la kwanza lilikuja baada ya wiki tatu, na lilikuwa la kunakili: wanasikitika kwa usumbufu uliosababishwa na hali ya hewa iliyo nje ya uwezo wao, na wanatupa vocha ya dola 150 kwa chumba, tukinunua safari nyingine ndani ya miezi kumi na miwili. Nililisoma jikoni nimesimama. Mimi niliandika habari za kiti, wao wananijibu habari za ukungu. Hapo ndipo kwangu kosa lilipokuwa kosa kamili. Mtu akikukanyaga ukamwambia umenikanyaga, naye akaanza kukueleza jinsi barabara ilivyojaa watu, umekanyagwa mara ya pili.

Kuhusu vocha niseme wazi: haiko nje ya biashara. Ili nitumie dola 150 zao inabidi nitoe zaidi ya 2,000 zangu, na niharakishe kabla muda haujaisha. Mnaotumiwa vocha za namna hii msiziingize kabisa kwenye hesabu ya kusamehe. Ukiwa hungekwenda bila vocha, usiende kwa sababu ya vocha.

Wapo walioniambia nishitaki. Someni mkataba wa tiketi, ule tunaoubonyeza "nakubali" bila kuusoma. Wangu unasema kesi ifunguliwe Miami, jimbo la Florida. Vifungu vya namna hii vilifikishwa Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1991 ikaamua kwamba vinamfunga abiria: mama wa jimbo la Washington aliyeanguka ndani ya meli akaambiwa kesi yake ni Florida, upande wa pili wa nchi. Nani atatoka Houston kwenda Miami kudai saa mbili na nusu za mama yake? Upo pia waraka wa haki za abiria ambao umoja wa kampuni za meli za kitalii uliutoa Mei 2013. Ulitoka baada ya meli Carnival Triumph, iliyoondoka hapa hapa Galveston Februari ya mwaka huo, kuungua chumba cha injini na kuelea Ghubani na watu zaidi ya 4,000, vyoo havifanyi kazi, hadi ikavutwa na kufikishwa Mobile, Alabama. (Sisi hatukusafiri na kampuni hiyo. Meli yenyewe ilikarabatiwa, na mwaka 2019 ikarudi kazini kwa jina la Carnival Sunrise.) Waraka ule unazungumzia kurudishiwa fedha mashine ikiharibika. Bandari iliyorukwa kwa upepo haimo, na mama aliyesahauliwa ukumbini ndiyo kabisa.

Kwa hiyo abiria wa kawaida amebakiwa na tiketi yake ijayo. Hiyo ndiyo nguvu yake halisi, na ndiyo maana sikutaka kuitupa kwa hasira wala kuiuza kwa dola 150.

Niliandika tena. Safari hii sikutaja upepo, ukungu wala Cayman. Niliandika habari za kiti peke yake: saa tuliyofika, saa tuliyoondoka, nani alituambia tungoje. Nikaongeza kwamba mwaka 2005 mahakama ile ile iliamua kuwa sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu inazihusu pia meli zenye bendera za nje zinapokuwa kwenye maji ya Marekani, na kwamba meli yetu ilikuwa imefungwa kamba kwenye gati la Texas. Barua nikaielekeza kwa dawati la wasafiri wenye mahitaji maalumu, ambalo mwanzoni sikujua kama lipo.

Siku sita baadaye simu ikalia. Mwanamke, sauti ya mtu mzima. Alikuwa na fomu yetu mbele yake. Akaniambia kisanduku cha msaada wa kupanda kimewekwa alama, cha kushuka hakikuwekwa, ingawa maelezo ya simu yangu ya kwanza yanaonyesha niliomba vyote viwili. Kwa hiyo asubuhi ile jina la mama halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Watu wa viti hawakumpuuza, hawakujua yupo. Halafu akasema, "Kosa ni letu," akanyamaza, akaniacha niseme nilichotaka kusema. Nilisema. Akasikiliza hadi mwisho.

Mume wangu anasema maneno hayagharimu kitu. Nakubaliana naye nusu. Lakini barua ya kwanza nayo ilikuwa ya maneno, na ilinichoma. Huyu wa pili alinionyesha tundu lilipo. Nikihamia kampuni nyingine nitakutana na kifungu kile kile cha mkataba, ukungu ule ule, na fomu ambayo sijui tundu lake liko wapi. Hapa angalau ninajua pa kutazama.

Kwa hiyo nimewapa nafasi, na nimeipimia. Nimechukua chumba cha Aprili, ukungu ukiwa umepungua na pepo za baridi zimelegea. Nimelipa malipo ya awali ya aina inayorudishwa. Malipo ya mwisho yanatakiwa siku 90 kabla ya safari, na hadi siku hiyo naweza kujitoa na kuchukua fedha yangu yote. Nimewaambia kwa maandishi kwamba kabla ya siku hiyo nataka karatasi yenye jina la mama na alama kwenye visanduku vyote viwili, kupanda na kushuka, pamoja na namba ya simu ya mtu aliye ndani ya meli, maana ofisi ya nchi kavu haiwezi kusukuma kiti. Isipokuja, fedha inarudi, na tutakwenda Corpus Christi kwa gari, mama akanyage maji huko.

Mume wangu amekubali kwa shingo upande. Anasema atakuja kwa ajili ya mama tu, na ataishika ile karatasi mkononi mwenyewe.

Mama ameshanunua kanga nyingine, doti nzima. Nilimwambia mkataba wa msichana umeisha, huenda yuko Likoni kwake, au amepangiwa meli nyingine kabisa. Akasema anajua. Ataibeba hivyo hivyo, hakosekani mtu.

Malipo ya mwisho ni tarehe 18 Januari. Nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda, na pembeni nimechora visanduku viwili, vyote bado vitupu.