Upepo Una Daraja, Maji Hayana

Kila kimbunga kinapokaribia pwani, jambo la kwanza kutangazwa ni daraja lake, na watu wengi huamua kukaa au kuondoka kwa kuitazama namba hiyo tu. Mimi naona namba hiyo, kwa namna tunavyoitumia, imewaponza watu wengi mno. Kipimo cha Saffir-Simpson, ambacho ndicho chimbuko la madaraja hayo matano, hupima kasi ya upepo peke yake: kilomita 119 kwa saa ni daraja la kwanza, 252 ni la tano. Zamani kilitaja pia kimo cha maji ya bahari, lakini sehemu hiyo iliondolewa mwaka 2010 kwa sababu haikuwiana na yaliyokuwa yakitokea ufukweni. Kanda nyingine za bahari zina vipimo vyake, navyo pia husimama juu ya upepo. Ilhali wataalamu walipochunguza vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani kati ya 1963 na 2012, walikuta kwamba takribani vifo 9 katika kila 10 vilitokana na maji.

Anayetilia shaka hoja hii na aitazame Libya. Mwezi Septemba 2023 dhoruba Daniel ilivuka Mediterania ikiwa na upepo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa, ambao haukukaribia hata daraja la kwanza. Mvua ndiyo iliyokuwa ya ajabu: mji wa Al-Bayda ulipata milimita 414 kwa saa 24, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa. Maji yalijaa katika bonde linaloteremkia Derna, mabwawa mawili yaliyokuwa juu ya mji yakabomoka usiku, na maelfu ya watu wakasombwa pamoja na nyumba zao hadi baharini. Mtu aliyelala usiku ule akijua tu kwamba upepo si mkali, alilala akiwa na taarifa sahihi isiyomfaa kitu.

Namba hupotosha hata pale inapokuwa kubwa, kwa maana hutufundisha kulinganisha. Mwaka 1969 kimbunga Camille kilipiga pwani ya Mississippi kikiwa cha daraja la tano. Miaka 36 baadaye Katrina ilifika pwani hiyohiyo ikiwa imeshuka hadi la tatu, na baadhi ya watu waliosalimika mwaka 1969 walikataa kuondoka, wakisema nyumba iliyostahimili la tano haiwezi kushindwa na la tatu. Hesabu yao haikuwa ya kipumbavu. Ila Katrina ilikuwa pana zaidi, na siku moja kabla ilikuwa ya daraja la tano huko baharini, ikisukuma maji ambayo hayakupungua kwa sababu tu upepo umepungua. Bahari ilipanda kwa zaidi ya mita 8.

Nakiri kwamba upepo ndio unaoyasukuma maji hayo, kwa hiyo siudharau. Lakini kimo yanachofikia hutegemea mambo ambayo kasi ya upepo haiyaelezi: upana wa dhoruba, mteremko wa sakafu ya bahari (pwani yenye maji ya kina kifupi kwa umbali mrefu huumia zaidi), na saa ya kuwasili. Dhoruba inayofika wakati wa maji kupwa si sawa na ile inayofika wakati wa bamvua, kama Sandy ilivyofanya New York mwaka 2012, mwezi ukiwa mpevu. Isitoshe, bahari ikipanda huziba midomo ya mito, na mvua iliyonyesha bara hukosa pa kutokea. Mwaka 2019, baada ya kimbunga Idai kupiga Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, mito ya Pungwe na Buzi ilifurika ikaifanya nchi kavu kuwa kama bahari ya pili.

Kuna pia suala la maneno, na hili ndilo linalonikera zaidi. Kabla ya kimbunga Haiyan kuifikia Ufilipino mwaka 2013, watu wa Tacloban walionywa kwa istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza, “storm surge” (bahari kupanda kwa kusukumwa na dhoruba), ambayo wengi hawakuielewa, na baadaye baadhi walisema kwamba laiti wangeambiwa inakuja tsunami, wangekimbia. Kiswahili nacho kina mtego wake. Tuna bamvua, tuna maji kujaa na maji kupwa, tuna gharika, lakini kupanda huku kwa bahari mara nyingi huandikwa “mawimbi ya dhoruba.” Siipendi tafsiri hiyo. Wimbi huja likarudi, nawe ukikaa mbali kidogo na ufukwe unakuwa salama. Hapa ni bahari nzima inayoinuka na kuingia mitaani, ikakaa humo kwa saa kadhaa. Mtangazaji na aseme hivyo hivyo: bahari itapanda, itaingia hadi barabara fulani, maji yatafika kimo cha dirisha.

Mafuriko ya ghafla nayo yanastahili maneno ya wazi kama hayo. Maji ya sentimita 15 yaendayo kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi. Wingi wa mvua hutegemea sana mwendo wa dhoruba yenyewe: Harvey mwaka 2017 ilipoteza nguvu zake za upepo mapema baada ya kuingia Texas, kisha ikazubaa hapo kwa siku kadhaa na kumwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika baadhi ya maeneo. Hewa nayo ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke.

Bangladesh, iliyopoteza watu wasiopungua 300,000 katika kimbunga cha mwaka 1970, ilianza mwaka 1972 kuandaa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na bendera na vipaza sauti. Amphan ilipokuja mwaka 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na vifo nchini humo vilihesabika kwa makumi. Mtu anayegonga mlango wako hakuelezi daraja. Anakuambia maji yanakuja saa ngapi na jengo la kukimbilia liko wapi.