Picha za wazee ukutani: nani achague nguo?

Vijana wa kijijini kwetu, huku pwani ya kusini mwa Unguja, wamekuja na jambo. Wanataka kuwapiga picha wazee wa miaka 70 na zaidi, wanaume kwa wanawake, wazichape kubwa na kuzitundika katika ukumbi wa skuli kwa wiki moja. Chini ya kila picha yaandikwe maisha ya mwenyewe: kazaliwa wapi, kafanya kazi gani, kalea wangapi, kaona nini. Ombi lilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, likatoka kwa sheha likafika barazani, na tangu siku hiyo kijiji hakiko pamoja. Wapo waliofurahi, wapo waliokataa katakata, na wapo, wengi wao wazee wenyewe, waliouliza neno moja tu: "Halafu?"

Mimi naliunga mkono jambo hili. Lakini kila nikikaa barazani naona tunabishana kama picha zitundikwe au zisitundikwe, na swali linaloninyima usingizi ni jengine kabisa: mzee akae mbele ya kamera na nguo gani, na nani aamue.

Nieleze nilichokiona. Siku ya majaribio niliandamana na kijana mwenye kamera hadi kwa bibi mmoja jirani yetu. Tulimkuta uani, amekaa juu ya kipande cha jamvi, makumbi mbele yake na gongo mkononi. Kwa asiyeijua kazi hii: makumbi ya nazi hufukiwa pwani, hugandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na maji, hukaa huko miezi mpaka yaoze. Hufukuliwa yananuka, hupondwa kwa gongo mpaka yabaki nyuzi, nyuzi huanikwa, kisha husokotwa kwa viganja zikawa kamba za usumba. Bibi ameifanya kazi hiyo tangu hajavunja ungo. Vidole vya mkono wake wa kulia vimepinda kwa ndani na havinyooki tena. Vimeshika umbo la kamba hata pale ambapo kamba haipo.

Kijana aliviona vidole vile na macho yakamng'aa. Tukaamkia, tukaitikiwa, naye akainua kamera.

"Hebu ningojeni nivae," bibi akasema.

"La, bibi, hivyo hivyo ulivyo ndiyo vizuri."

"Hivi nilivyo ndivyo nendavyo pwani. Kwa watu sendi hivi."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na doti mpya ya kanga inayonukia udi, mtandio umekaa sawa, pete mbili za fedha, na mikono ameikusanya mapajani chini ya kanga. Kijana akapiga, lakini nilimwona alivyovunjika moyo. Picha aliyoifuata ilikuwa imeshaingia chumbani na kubadilishwa.

Simlaumu. Hoja yake ni nzito na aliniambia waziwazi tulipotoka: mikono ile ndiyo historia, na kwa doti ile mpya bibi anafanana na bibi yeyote aliyekwenda harusini. Watoto wa skuli watajuaje kwamba kamba zilizofunga madau ya kijiji hiki na vyumba walivyosomea baba zao vilitoka katika vidole vile? Kwa upande huo ana haki. Ila kuna jambo ambalo hajalipitia, nalo limo katika historia ya picha za hapa hapa kwetu.

Zanzibar imepigwa picha kwa muda mrefu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na studio mjini za watu waliotoka Goa, akina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliopiga picha za wenyeji na kuzitoa kadi za kuuziwa wageni wanaopita na meli. Kadi hizo bado zipo, nyingi ziko Ulaya. Sura ni wazi kiasi cha kuweza kuhesabu shanga shingoni. Chini yake imeandikwa mwanamke wa Kiswahili, au mchukuzi, au wachumaji wa karafuu. Jina hakuna. Mtu yule alikuwa na wazazi, na mtaa, na pengine wajukuu ambao leo wangempita ukutani bila ya kumjua.

Halafu ikaja namna nyengine. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na huko watu walikwenda kwa miguu yao: siku ya Idi, baada ya harusi, kabla ya safari. Walivaa walichotaka, walisimama walivyotaka, walilipa, na picha waliondoka nayo. Nyumba nyingi za shamba zina picha moja ya namna hiyo, imo sandukuni ndani ya bahasha, pembe zimeliwa. Aliyemo anatazama mbele kama mtu mwenye lake, hata kama koti ni la kuazima.

Kadi ya meli na picha ya sandukuni, zote mbili ni picha za watu wa hapa. Tofauti yake ni nani aliyeitaka. Na maonyesho ya wazee, kwa nia njema kabisa, yanaweza kuangukia upande wa kadi bila ya aliyeyaandaa kujua.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limetupata nyumbani. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alipigwa picha na mgeni akiwa shambani kwake kwenye mwani, matope mpaka magotini. Hakuombwa. Miaka miwili baadaye mtoto wa ndugu yangu alipata kazi katika hoteli moja ya pwani, akaikuta picha ile mapokezi, kubwa kama mlango. Alipomweleza shangazi, hakuuliza habari ya fedha. Alisema tu, "Wamenitundika na matope?" Na tangu hapo akawa hapiti njia ile.

Wanaopinga maonyesho kwa sababu ya dini nawasikiliza kwa heshima, na sipendi vijana wanavyowaita watu wa zamani. Masheikh wetu hawako kauli moja juu ya picha: wapo wanaosema picha ya kamera ni kivuli kama kile cha kwenye kioo, na wapo wanaoshika hadithi kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe, na kwao kutundika ni kuzidisha. Mzee aliyeishi miaka 80 kwa kauli moja hawezi kuombwa aiache kwa ajili ya wiki moja ya skuli. Maneno yake yanaweza kutundikwa peke yake, pahala pa picha pakabaki pakavu, na watu watayasoma. Mjane aliye edani asiguswe kabisa mpaka miezi yake minne na siku kumi imalizike. Na idhini itoke kwa mzee mwenyewe. Watoto huwa wepesi kusema "mpigeni tu" kwa niaba ya mama aliyekaa kimya, na kimya cha mama mbele ya mwanawe aliyetoka mjini si ridhaa.

Hoja ya pili inaniuma zaidi kwa sababu ni ya kweli. Mzee mmoja barazani ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Akauliza: hiyo picha nitaionaje? Yaani fedha za kuchapa na fremu zingempeleka hospitali. Sina jibu la kumshinda, wala sitaki kumshinda. Ninachoweza kusema ni kwamba fedha hizi zinatafutwa kwa ajili ya picha na zisipopatikana kwa picha hazitapatikana kwa macho. Lakini kamati yenye aibu yake itampeleka kwanza akatibiwe, halafu ndiyo imwite akajitazame. Serikali imefanya lake: pensheni jamii ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na ikaja kuongezwa. Ni heshima kubwa kwa mtu aliyelima maisha yake yote bila ya kuandikwa popote. Hata hivyo, kwa bibi wengi wa huku picha pekee waliyonayo ni ile ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, iliyopigwa kwa kuwa ilitakiwa.

Kuna na la tatu, linalosemwa kwa sauti ya chini: kwamba kusherehekea ni kusafisha historia. Mtu wa miaka 75 leo alikuwa kijana mdogo Januari 1964. Ameona Mapinduzi, ameona ardhi ikigawiwa eka tatu tatu, na aliyepewa na aliyenyang'anywa pengine ni majirani mpaka leo. Ameona miaka ya foleni za chakula. Ameona uchaguzi baada ya uchaguzi ukigawa misiba na harusi. Baadhi ya waandaaji wanasema haya yaachwe, waandikwe tu walivyolima, walivyovua na walivyolea. Hofu yao naijua, kijiji ni kidogo. Lakini maisha yaliyotolewa miaka yake migumu yanageuka picha ya kalenda. Babu mmoja alitutatulia kwa namna yake. Alihadithia saa nzima, sauti ikirekodiwa, akafika pahala akanyamaza, kisha akasema: "Hili lihifadhini, lakini mulitoe nikishakufa." Hivyo ndivyo. Sauti ichukuliwe yote, iwekwe pazuri, na ukutani liende lile alilolitolea ruhusa. Na ichukuliwe kama anavyosema, kwa Kikae chake, yaani Kimakunduchi, lahaja ya huku kusini. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, limekwisha kuchapa kamusi la lahaja hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumfanya bibi azungumze ukutani kama mtangazaji wa redio.

Nirudi kwenye vidole. Kijana anaogopa kwamba kanga mpya itaificha kazi. Mimi naona kazi ina pahala pake, nako ni kwenye maneno. Chukua wanawake wa mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Aliye na miaka 70 leo alikuwa na miaka 30 na kitu. Hao ndio walioingia baharini mwanzo, bamvua kwa bamvua, huku wanaume wakisema ni mchezo. Kwa wengi ilikuwa fedha ya kwanza isiyopita kwenye mkono wa mume. Wakasomesha, wakaezeka bati. Kisha bahari ikapata joto, kotonii, aina ya mwani iliyokuwa na bei, ikawa inakufa kambani, wakabakia na aina ya spinosamu ya bei ya chini, na migongo ikawa imeshapinda. Hakuna kamera itakayoyatoa hayo usoni kwa mtu, hata umpige na matope mpaka kiunoni. Inabidi ayaseme, na yaandikwe kwa mistari ya kutosha. Si jina na umri tu kama kwenye daftari la kliniki.

Mzee akitaka mwenyewe kupigwa na shoka lake la kuchongea dau, au kando ya ngalawa, apigwe hivyo. Babu wawili wameshasema hivyo ndivyo watakavyo. Na nakala ya kwanza ya kila picha ipelekwe nyumbani kwa mwenyewe kabla ukumbi haujafunguliwa, akiikataa isitundikwe.

Juzi tulirudi kwa bibi kumuuliza yaandikwe nini chini ya picha yake ya doti mpya. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake. Akasema makumbi, kamba, watoto saba, wanne wako hai. Kisha akataja jina la kisima.

Kijana akauliza kisima cha nini.

"Kisima chetu nilikozaliwa. Tukiteka hapo sote kabla ya maji ya mfereji. Liandike."

Kijana alizaliwa hapa hapa na jina lile hajapata kulisikia. Akaliandika. Bibi amesoma chuo cha Kurani, anazijua herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo akamtaka amsomee. Akasoma. Bibi akamsahihisha, kijana akafuta, akaandika upya, akasahihishwa tena. Tulipoaga jua lilikuwa linakuchwa. Tulipofika njia panda kijana akaniuliza kisima hicho kiko upande gani, nikamwambia nadhani nyuma ya minazi ile, na tukapinda kwenda kukitafuta.