Hii Gari Naipunguza, Nyie Mnaijaza

Arusha gari halipimwi kwa mwendo, linapimwa kwa chuma kilichoongezwa. Ukiwa na bampa la bomba, keria juu, snokeli, madumu mawili mgongoni na taa za kumulika hadi Babati, mlinzi anakufungulia geti kabla hujapiga honi. Pita mtaa wa Unga Limited uone. Gereji hii wamekata Landcruiser katikati, wanalirefusha ili viti vingine viingie. Gereji ile wanatoboa paa ili mgeni asimame amwone simba bila kushuka. Kila fundi anaongeza, na aliyemfundisha naye alikuwa anaongeza. Sasa mimi nikaingia humohumo na Toyota Celica yangu namba C, nikasema, "Fundi, naomba unipunguzie."

Grainda ikazimwa.

"Nikupunguzie bei?"

"Gari. Nataka lipungue uzito."

"Linakunywa mafuta?"

"Hapana. Nataka liwe gari la mbio. La kiwanjani."

Fundi akalizunguka. Akagonga mlango kwa kidole kimoja, akasikiliza. "Bosi, hii ilishapungua toka kiwandani. Hii ukiiegemea tu unaacha chapa. Ushauri wangu, tuinyanyue inchi mbili, tupige springi za Hilux, mbele tuweke bampa. Itatulia barabarani."

Naomba nieleze, maana mtaani kwangu kila mtu anajifanya kaelewa. Gari la kujifunzia mbio za kiwanjani, zile za kuzunguka kwenye lami, halianzi na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Unatafuta gari dogo, jepesi, la bei ambayo siku ukilibusisha ukutani utalia halafu utalala, na spea zake zipatikane hata Jumapili. Celica za toleo la mwisho, zile za 1999 hadi 2006, zina kilo 1,100 na ushei. Yangu ina injini ya 1ZZ, lita 1.8, na gia za kukanyaga klachi. Injini hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye Wish, Opa, Allion na Premio za 1.8 za toleo la kwanza. Yaani nikiua kitu, nusu ya magari yaliyoegeshwa hapa mjini ni stoo yangu. Halafu linavutwa na magurudumu ya mbele. Mwanafunzi akiingia kwenye kona kwa pupa, pua inagoma kukunja, anaachia mafuta kidogokidogo, gari linarudi kwenye adabu. La kusukumwa na magurudumu ya nyuma lina raha yake, sikatai, ila makalio yake yanaweza kufika kwenye kona kabla yako.

Na uzito ndio mpango mzima. Nguvu za injini zinakusaidia barabara ikinyooka. Kilo ulizotoa zinakusaidia ukiondoka, ukifunga breki, ukikata kona, na tairi haziishi haraka. Colin Chapman, yule Mwingereza aliyeanzisha Lotus, alijijengea jina kwa hesabu hiyo. Angezaliwa Unga Limited wangemfunga springi za Hilux.

Kuna na suala la hewa, hili huwa halisemwi. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Wajapani waliniwekea nguvu za farasi 140 na kitu. Ukipiga hesabu, farasi kama 20 hawajawahi kuiona Arusha, wamebaki bandarini Dar wanakula upepo. Watu wa Moshi, kwa kuwa mko chini yetu, farasi kadhaa mnao bado, na nadhani hapo ndipo dharau yenu ilipoanzia.

Basi, kazi ya kutoa nikaianza mwenyewe uani. Viti vya nyuma, nje. Mazulia, nje. Tairi la akiba na jeki yake, nje. Kuna lile zulia la lami lililogandishwa sakafuni kuzuia kelele, hilo halitoki kwa maneno mazuri. Unapiga magoti ndani ya gari na patasi na nyundo, unachokonoa kipande cha saizi ya kiganja, kinakatika, unaanza tena pembeni, na uani kuna mtoto amekaa juu ya ndoo anauliza, "Baba, kwani umepoteza nini?" Mwenyewe wa kwanza, kijana mmoja wa Moshi, alikuwa amejaza buti boksi la muziki ambalo nalo lilihitaji watu wawili kulishusha. Nikapakia kila kitu kwenye mkokoteni hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, si kuuza, kupima tu. Mizani ikasoma kilo 61. Nikashangilia peke yangu. Jamaa akachomoa kalamu sikioni.

"Chuma bei hii, waya bei hii. Hilo boksi tunatoa sumaku. Na gari lenyewe unaleta lini?"

"Gari haliuzwi. Linapunguzwa."

Akanitazama kwa huruma ya kibiashara. "Mzee wangu, sasa si unajipunja? Sisi tunanunua kwa kilo."

Viti vya nyuma havikurudi uani. Mama watoto alivipokea getini, na kufikia jioni vilikuwa saluni kwake, wateja wameviegemea wanasukwa. Akasema hatimaye hili gari limeleta faida. Nikanyamaza. Mtaani nako habari ilishafika, na haikufika nilivyoituma: eti yule baba kafulia, anauza gari kipande kipande. Jirani mmoja akaja usiku, sauti ya chini kabisa, kuulizia bei ya tairi la akiba. Wiki hiyo jumuiya ilikuwa zamu ya kusali kwangu. Nia ya kwanza iliyotajwa, kwa sauti na macho yamefumbwa, ilikuwa ya kuwaombea ndugu zetu wanaopitia kipindi kigumu cha uchumi. Watu wote wakaitikia huku wananiangalia mimi. Mama watoto aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Sasa njoo kwenye roli keji. Hiyo ni fremu ya mabomba inayokaa ndani ya gari, ukipinduka paa lisije kukukalia kichwani. Kanuni za FIA, wale wakubwa wa mbio za magari duniani, zinataka bomba kuu liwe la chuma kisicho na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Nikamwandikia fundi kwenye karatasi, nikamchorea, nikamwambia asiguse kitu mpaka bomba lenyewe lipatikane. Akasema, "Bosi, mabomba ni mabomba, wewe nenda kazini."

Niliporudi nikaikuta fremu imesimama chini ya mwembe, inang'aa rangi ya fedha. Bomba la maji. Ukiligonga linaitika kama kengele ya shule. Kwenye maungio, mahali ambapo chuma kinatakiwa kishike roho yangu, welding ilikuwa na matone yaliyogandana na katikati kuna upenyo unaoingiza kucha. Na ubavuni, kwenye ile nguzo inayopita mlangoni, fundi alikuwa amekunja nondo nyembamba kwa ustadi mkubwa, akatengeneza maua. Maua mawili na jani. Yaleyale ya kwenye mageti ya Njiro.

"Haya maua?"

"Hayo nimekuwekea bure, bosi. Ilikuwa imekaa kavu."

Nikamshukuru, maana mikono yake kweli ina kipaji, na fremu ile nikaibeba nyumbani. Sasa hivi inapandwa na mpasheni. Gari likabaki bila keji, na kwa sababu hiyo nikakataa pia ile mikanda ya ncha nne ambayo vijana wote wananishawishi nifunge eti ndiyo muonekano. Jamani, mkanda wa ncha nne unakubana wima kwenye kiti. Gari likipinduka bila keji, paa linashuka na wewe huna pa kuinamia. Nimebaki na mkanda wa kiwandani, na muonekano nimewaachia wao.

Kilichonitoa jasho hasa ni breki. Kila anayeanza anakimbilia ekzosi, mji mzima ujue amefika, wakati kinachokuangusha kwanza kiwanjani ni breki kupata moto. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewani. Ya DOT 4, daraja linaloandikwa kwenye chupa, yakiwa mapya yanatakiwa yahimili hadi nyuzi 230 ndipo yachemke, yakishavuta maji yanashuka hadi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni huku kona inakuja. Nikaenda duka la spea na elimu yangu hiyo. Kijana akanipa chupa iliyofunguliwa, imebaki robo tatu.

"Nataka iliyofungwa."

"Ni ileile, mkuu. Aliyefungua alichukua kidogo tu."

"Ikishafunguliwa inavuta maji hewani, inachemka mapema."

Akageuka kwa mwenzake: "Oya, njoo umsikie huyu mzee anataka kupika breki."

Tairi sitaki hata kuziongelea sana. Za mtumba zinasifiwa kwa kung'aa, na zimepakwa ile dawa nyeusi zing'ae. Ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa: ikiandikwa 3214 ni wiki ya 32 ya 2014. Nikamwonyesha muuzaji. Akasema hiyo ni namba ya sanduku.

Na oili. Hizi 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa ya kunywa oili, kwa sababu matundu ya kwenye pistoni ya kuirudisha chini hayakutosha. Unatakiwa uvute kijiti upime kila mara, hasa ukiikimbiza. Mimi napima kila asubuhi kabla ya chai, na majirani wanaona boneti imefunguliwa kila siku, wanatikisa vichwa, nia ya jumuiya inapata nguvu mpya.

Sasa mtaniuliza, hicho kiwanja kiko wapi? Asanteni kwa swali. Arusha mbio tunazozijua ni za rali. Kwenye damu zipo, maana ile Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii, watu wakajazana kando ya barabara kula vumbi kwa hiari. Lakini kiwanja cha lami, cha kuzunguka na kurudi pale ulipoanzia, hapa mjini hakipo. Wajapani wana Tsukuba, mzunguko mmoja mita 2,045, mtu wa kawaida anajiandikisha na gari lake la kwendea kazini. Wajerumani wana Nordschleife, kilomita 20.8, kona zaidi ya 70, na kuna siku raia analipa mlangoni, anaingia. Umbali huo kwetu ni kutoka mjini hadi karibu na Usa River, na badala ya kona 70 tuna matuta, punda, bodaboda anayekuja upande wako kwa kujiamini, kibao cha 50, na nyuma ya mti baada ya kibao, afande na tochi. Kwa hiyo mwendo mkubwa zaidi ambao gari langu la mbio limewahi kwenda siwezi kuuandika hapa, kwa sababu unatia aibu.

Na hata nafasi niliyoitengeneza hawaniachii. Viti vya nyuma vikitoka, watu hawaoni wepesi, wanaona sehemu ya mizigo. Siku za soko la Tengeru natumiwa ujumbe na watu nisiowajua: "Shemeji, tumesikia una kipikapu." Desemba ndiyo kabisa. Wachaga wakaanza kupanda kwenda kuhesabiwa, na mama mkwe, aliyekuwa kwetu tangu Oktoba, akatakiwa arudishwe Machame. Mama watoto na watoto wakapanda basi. Mama mkwe akasema yeye anapanda na mkwe wake.

Nyuma vikaingia mchele, mafuta ya kupikia, godoro, na kuku wawili walio hai. Kilo 61 zangu zikarudi na marafiki zao. Mbele nina viti viwili vya mbio, vile vya kukumbatia mbavu. Cha pili ni cha mwalimu, maana kiwanjani anayeanza anatakiwa awe na mtu pembeni wa kumwelekeza. Mama alikiangalia, akaniangalia, akaingia kwa awamu. Kikamkubali kiunoni na kikakataa mjadala. Toka Kijenge hadi Kikatiti akawa anafundisha: "Baba, funga breki mapema, usingoje tuta likufuate. Usiangalie shimo, utaliingia, angalia unakokwenda." Kwa kweli ndivyo hasa wanavyofundisha walimu wa kiwanjani, ila wao hawasali rozari katikati ya kona. Noah zikatupita. Hiace ikatupita, konda akatoa kichwa dirishani kutupa pole.

Boma Ng'ombe tukasimamishwa.

"Shikamoo mama. Mzee, habari ya safari. Leseni." Nikatoa. "Mtungi wa zimamoto?" Huo ninao, mkubwa, umefungwa kwa bolti sakafuni, afande akavutiwa. "Triengo?"

Triengo niliziacha nyumbani. Zina uzito.

Akanitazama. Nikajaribu kumweleza habari za kilo, kona na Mwingereza wa Lotus. Akasikiliza kwa adabu yote huku anatoa mashine yake. Elfu thelathini. Nikamgeukia mama kwa macho ya kuomba msaada, maana wazazi huwa wanaheshimiwa barabarani.

"Mwandikie tu, mwanangu," mama mkwe akamwambia afande, "ila ukimaliza nivute mkono nitoke. Hiki kiti kimenishika tangu Usa River na huyu nimeona aibu kumwambia."

Wakaja wawili, mmoja mguu, mmoja bega. Walicheka mpaka wakasahau kuulizia tairi la akiba.