Haibridi ya Mtumba: Mileji Ndogo, Matairi Mazee

Toyota Aqua, Prius na Honda Fit za haibridi, yaani za petroli na umeme pamoja, zimejaa Mombasa. Zinashushwa bandari ya Kilindini zikitoka Japani, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, nyingi hufika zikiwa karibu na ukomo huo, tena na mileji ndogo ya kuvutia. Mnunuzi akiona kilomita 40,000 kwenye dashibodi na meno ya tairi bado yapo, suala la matairi analiahirisha. Hapo ndipo ninapopingana na wengi.

Mpira hauchakai kwa kilomita peke yake. Jua, joto na hewa huukausha hata gari likiwa limeegeshwa. Inama uangalie ubavu wa tairi: mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani, na itabidi gari lipigwe jeki. Kisha pitisha ukucha kati ya meno, utafute nyufa nyembamba. Fundi atakuambia, "Haya bado yana meno, bosi." Kweli yanayo, ila mpira umekuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Ukikuta neno STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake laini ni wa baridi, na kwa joto la Pwani huisha upesi.

Sasa ununue lipi, la kubana mafuta au la kushika lami iliyolowa? Wanaotetea matairi ya kubana mafuta wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Haibridi hurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kwenye breki. Ukiacha joto la injini, upotevu unaobaki unatokana kwa kiasi kikubwa na upepo unaolipinga gari na matairi yanayojikunja yakizunguka. Kwa hiyo tairi linaloviringika kwa wepesi lina maana zaidi kwenye Aqua kuliko kwenye gari la kawaida. Mradi upepo ndani ya tairi uwe sawa: kiwango chake kwenye kibandiko cha mlangoni huandikwa kwa kPa, na kPa 230 ni kama psi 33. Anayeendesha na upepo pungufu ameshaitupa sehemu ya faida hiyo.

Lakini piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme tairi hilo linaokoa asilimia 3, na gari linakwenda kilomita 20 kwa lita. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka anachoma lita 2,000, hivyo anaokoa lita 60. Huyo anunue bila kusita. Mwalimu wa Bamburi anayetembea kilomita 6,000 anaokoa lita 9, na tairi lake litazeeka kabla halijaisha. Lita 9 si kitu mbele ya kuweza kusimama kwa wakati mwezi wa Mei, masika yamelowesha barabara ya Kibarani kwenda Changamwe, lami ina oili ya malori na trela limefunga breki mbele yake.

Lebo ya matairi ya Japani huonyesha mambo yote mawili: AAA (bora) hadi C kwa kubana mafuta, a (bora) hadi d kwa kushika barabara yenye maji. Mara nyingi moja ikipanda nyingine hushuka. Yapo yanayofaulu kote, ila bei nayo hupanda. Kwa mwenye kutembea kidogo, mimi ningeanza na herufi ya maji.

Matairi ya mtumba siyaungi mkono, ingawa bei yake naielewa. Tairi lililotolewa garini kule Japani lilitolewa kwa sababu, na aghalabu sababu yenyewe ni umri au meno. Kama mfuko unatosha mawili tu, bora mawili mapya kuliko manne ya mtumba. Tena yawekwe nyuma, hata kama injini inavuta mbele na fundi anashangaa. Mbele ikiteleza kwenye maji, ukiachia mafuta gari hupungua mwendo na usukani hurudi. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na madereva wengi hawawezi kulirudisha.