Ukutani, Nani ni "Sisi"?

Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na karatasi juu ya sinki: "MARUFUKU KUACHA VIKOMBE VICHAFU. MENEJIMENTI." Herufi kubwa tupu, wino mwekundu, selotepu imeshakunjamana kwa unyevu. Vikombe vilirundikana pale pale chini yake. Siku moja mtu akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Na vya menejimenti je?" Kabla ya saa sita karatasi ilikuwa imebanduliwa. Vikombe vikabaki.

Swali lile la kalamu ya risasi ndilo ninalokiuliza kila kibao cha kazini: nani anasema, na anamwambia nani? Wakubwa wakitaka watu wajione wenyeji hukimbilia ukuta. Mapokezini huwekwa "Sisi ni Familia Moja" kwa herufi za kung'aa, na hatua chache mbele mlango una kibao kingine: "Choo cha Wakuu wa Idara." Mfagiaji hupita mbele ya vyote viwili kila alfajiri. Anasadiki kipi?

Kosa hili lina historia. Mwaka 1939, vita vilipoanza, serikali ya Uingereza ilibandika mabango yaliyosema kwamba ujasiri wenu, uchangamfu wenu na uthabiti wenu vitatuletea ushindi. Raia waliyasoma wakalalamika: taabu ni zetu, ushindi ni wao? Bango lililokusudiwa kuunganisha taifa likachora mstari kati ya "ninyi" na "sisi", kwa viwakilishi tu.

Kwa Kiswahili mstari huo huchorwa kwa silabi moja. "Mfunge mlango" na "tufunge mlango" ni kazi ileile, lakini katika ya pili mwandishi naye ameshika kitasa. Kuna na "hairuhusiwi", kauli ninayoichukia kuliko zote, maana aliyekataza amejificha ndani ya kitenzi na huwezi hata kumwuliza sababu. Ila hiyo "tu" isiwe ya uongo. Mkuu anayebandika "Tuwahi Kazini" na yeye anaingia saa nne, heri angeandika "mwahi" tukajua moja.

Hisia ya kuwa mmoja wetu inaweza kupimwa pia. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius, walichapisha majaribio ya vibao vya hotelini vinavyowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja. Ombi la kawaida la kutunza mazingira liliitikiwa na wageni kama 35 katika kila 100. Kibao kilichosema kwamba wageni wengi wenzao hufanya hivyo kilifika 44. Katika jaribio la pili, kilichowataja waliowahi kulala katika chumba hicho hicho kilifika 49. Watu hao hawakuwahi hata kuonana! Kilichowaunganisha ni namba ya mlango. Sasa fikiria watu wanaokula meza moja kila mchana.

Lugha nayo. Kibao kilichoandikwa kwa lugha ambayo nusu ya walio zamu hawaisomi kimeshawaambia kwamba hawakufikiriwa. Vivyo hivyo namba za vyumba zisizo na nukta nundu kwa asiyeona, au mshale ulioning'inizwa juu mno kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu. Yule mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni kwenye vibao vya njia ya dharura, aliyebuniwa na Mjapani Yukio Ota, hamuulizi mtu anatoka wapi wala amesoma hadi wapi. Moshi ukitanda, wote ni wake. Ningependa vibao vingine vimuige.

Kibao bora nilichowahi kukiona kazini hakikugharimu chochote. Mfagiaji alichoshwa na lile pembetatu la plastiki la kuonya kwamba sakafu imelowa, ambalo kila mtu alilikwepa na kupita. Akachukua kipande cha boksi, akaandika: "Nimetoka kupiga deki. Nipeni dakika kumi ikauke. Asanteni." Chini akaweka jina lake, ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui. Kuanzia wiki ile watu walikuwa wakifika pale wanasimama, wanamwita kwa jina kumuuliza kama pameshakauka.